Familia ya Watu Sitini na Mmoja

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mwenyewe kabla Mwalimu Ampai hajawasimulieni kwa namna yake. Yeye akilisimulia, mimi huonekana mjinga. Mimi si mjinga. Nina hasira za karibu tu, na siku hiyo nilikuwa nimeshindana na kompyuta tangu alfajiri.

Kikundi chetu cha haki za binadamu ni watu watano, kompyuta moja inayonguruma, na chumba kimoja juu ya kibanda changu cha supu ya tambi. Mwenyekiti ni huyo Mwalimu Ampai, Mthai, mstaafu, aliyefundisha nusu ya wilaya hii pamoja na mkuu wa wilaya mwenyewe, ambaye mpaka leo akimwona barabarani hurekebisha kola. Mimi ni Lah Say, wa kabila la Wakaren, ambao wako kando zote mbili za Mto Moei ulio mpaka, nami nimezaliwa upande huu wa Wathai. Kazi yangu ni kupiga chapa na kutafsiri, kwa sababu Mwalimu hajui Kikaren zaidi ya "kula" na "asante".

Mizinga ilipoanza ng'ambo mwezi wa pili, watu wa kijiji cha Htee Mu Hta walivuka mto maji yakiwa kiunoni, vitoto begani, wakafikia uwanja wa hekalu letu. Sitini na mmoja. Wilaya ikataka kuwarudisha wiki ileile. Basi tukaanza makelele. Tuliandika barua mpaka vidole vikafa ganzi, tukasimama sokoni na mabango, tukazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Mwalimu akapewa dakika kumi redioni, na humo ndani akamtaja mkuu wa wilaya kwa jina lake la utotoni, Chura, akamkumbusha kwamba mwaka wa mafuriko familia yake yote ililala darasani wiki tatu na hakuna aliyewauliza karatasi. Mji ulicheka siku mbili.

Siku ya tatu jibu likaja. Wenye familia wabaki hekaluni mpaka mvua za mwaka ziishe. Asiye na familia atavushwa kurudi ng'ambo, maana huku hana wa kumtunza.

Tulishangilia, tukakumbatiana, nikagawa supu bure, jambo nisilolifanya ovyo. Kisha tukakaa kuhesabu asiye na familia ni nani. Alikuwa mmoja tu, Saw Pler Doh.

Mzee huyu alikuwa na miaka sabini na kitu, jicho moja limeingia ukungu, mkewe amekufa zamani, na mwanawe wa pekee hajasikika mwaka wa nne. Kila asubuhi alikuja kibandani kwangu na fito zake za mwanzi, akasuka vikapu, na akaniambia mbele ya wateja kwamba supu yangu haina mchuzi, ina maji yaliyopita karibu na mfupa. Nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda kama mtu wa kwetu. Na kumrudisha ng'ambo, ambako kila jioni tulisikia mizinga ikigonga, ilikuwa kumpeleka kufa. Aliyesema vingine alikuwa anajiliwaza.

Hapo sasa nimtaje na Naw Phaw Gay, mjane wa rika lake, jirani yake huko kijijini. Hawa wawili walikuwa hawasemeshani mwaka wa kumi na tisa. Nyati wa kulimia wa mzee aliingia shamba la ufuta la mama huyo, kesho yake ikiwa siku ya kuvuna, akala na akalala humohumo. Mzee akasema ugo wa shamba ulikuwa mbovu. Mama akasema hamsemeshi tena mpaka autengeneze. Mzee akautengeneza. Mama akautazama, akasema umekaa upande, na hapo ndipo mambo yalipoganda. Tangu siku hiyo waliongea kwa kutumia watu. Watawa wa hekalu, masikini, hawana habari, wakawatandikia mikeka yao sambamba. Basi ikawa, mwambieni huyo mzee anakoroma. Mwambieni huyo mama anasikia mkoromo wake mwenyewe. Na anayetumwa ni nani? Mimi, mwenye kazi zangu.

Sasa kosa. Wilaya ilileta fomu za kujaza kwenye kompyuta, na ndani yake kuna nafasi ya jina la ukoo. Sisi Wakaren hatuna jina la ukoo. Mtoto akizaliwa hupewa jina lake, liwe la mvua iliyonyesha au ua lililochanua siku hiyo, mwanamume ni Saw, mwanamke ni Naw, yamekwisha. Niliiacha nafasi wazi, kompyuta ikakataa. Nikatia kistari, ikakataa. Nikatia sifuri, ikakataa na ikalia. Nikaandika Htee Mu Hta, jina la kijiji chao, ikapokea. Haya! Nikaandika hivyohivyo mara sitini na moja, nikatuma, nikashuka kuchemsha mifupa yangu.

Nilichosahau, mimi niliyeishi na Wathai miaka arobaini na sita, ni kwamba kwao kila ukoo una jina lake na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitumia. Wathai wawili wakikutana na jina moja la ukoo, hujua wana babu mmoja. Ijumaa simu ikalia. Afisa wa wilaya angekuja Jumanne, amesoma kwamba tuna familia moja ya watu sitini na mmoja, na angependa kuonana na mkuu wa familia.

Mwanzoni nilishika kichwa. Kisha nikaona ni neema iliyojileta yenyewe. Familia ni moja, basi hakuna asiye na familia, mzee wetu amepona! Nikapanda ngazi mbiombio kumwambia Mwalimu. Akavua miwani, na Mwalimu Ampai akivua miwani hata mbwa hukaa chini.

"Tutamwambia kweli," akasema.

"Mwalimu, hiyo kweli itamvusha mzee mto."

"Lah Say, kikundi hiki hakina bunduki wala hakina mkubwa wa kukilinda. Kina neno lake. Wakitukamata na uongo mmoja, barua zetu zote watafungia samaki. Na wiki ijayo watavuka wengine. Tutawasemea kwa mdomo gani?"

Nilimjibu vibaya, sifichi. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mzee huyu itakuwa fupi zaidi, na asiye na wa kumpoteza haoni ugumu kusema kweli. Kisha nikamnunia. Siku tatu nilimletea supu yake bila pilipili na bila neno. Naye aliinywa hivyohivyo, akaendelea kuandika barua zake.

Jumanne afisa akafika, kijana anayeitwa Anuwat, shati limeloa jasho, faili kubwa kwapani. Mwalimu hakumngoja hata aketi. Alimweleza yote: nafasi isiyokubali kuachwa wazi, watu wasio na jina la ukoo, na mpiga chapa mwenye hasira. Hapo alininyooshea kidole. Kijana akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeumwa jino, kisha akasema vema, hana budi kuwauliza mmoja mmoja.

Tukaanza, mkeka kwa mkeka, yeye akiuliza, mimi nikitafsiri. Huyu mume, huyu mke, hawa wanao. Huyu mama mkwe, na uso wake unaonyesha. Kila tulipomaliza mkeka mmoja nilizidi kupunguza mwendo, kwa sababu mzee alikuwa mwisho wa safu, amekaa wima, amechana nywele.

"Muulize ana nani," akasema Anuwat.

Nikamuuliza. Mzee akanitazama kwa lile jicho lake zima.

"Mwambie sina mtu," akasema. "Usiongeze kitu, mwanangu. Nimezeeka mno kuanza kudanganya."

Sikilizeni. Pale uwanjani hakuna mwingine aliyejua lugha zote mbili. Ningeweza kusema ana mke, ana dada, ana wajukuu wanane, na nani angebisha? Uongo ulinijaa mdomoni, mtamu. Nikamtazama Mwalimu. Hakutikisa kichwa wala hakukunja uso, alinitazama tu. Nilimchukia dakika hiyo. Nikafungua mdomo, na wallahi mpaka leo sijui ningesema lipi, maana kwenye mkeka wa jirani Naw Phaw Gay alikohoa.

"Mwambieni huyo mzee asidanganye watu," akasema.

Afisa akauliza mama anasema nini. Kabla sijajibu, Phaw Gay akainuka, akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akaja kusimama mbele ya kijana.

"Mwambie hivi huyu mtoto. Mimi nimemnunia mtu huyu miaka kumi na tisa. Kila siku, sijapumzika hata siku ya sikukuu. Kuna mtu humnunia mgeni? Mtu humnunia wa kwake."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mzee aliinamisha uso akawa anazitazama fito zake. Anuwat aliguguna kalamu. Akasema, kwa upole kabisa, fomu yake haina nafasi ya kuandika kununiana. Lakini sheria ya nyumba anaijua: wa nyumba moja ni wanaolala paa moja na kula chungu kimoja. Paa analiona, ni hili la hekalu. Je, chungu?

"Kuanzia leo," akasema Phaw Gay.

Nikatafsiri haraka, nikamwona kijana anaelekeza kalamu karatasini. Mwalimu Ampai akasema, "Leo bado hawajala."

Nilitamani kumtupa mtoni. Nilitamani kweli, na mto ulikuwa karibu. Lakini yeye alikuwa ameshamgeukia kijana.

"Una haraka, Anuwat?"

Akasema ana nafasi mpaka saa nane.

"Basi kaa kivulini. Lah Say, lete chungu."

Hapo ndipo nilipomwelewa, na hasira zote za siku nne zikaniyeyuka nikabaki nacheka peke yangu. Hakuwa anataka mzee aende. Alitaka tu liwe kweli kwanza, ndipo liandikwe. Nilikimbia kibandani na miguu yangu hii minene, nikarudi na chungu na mchele. Mmoja akaleta machipukizi ya mwanzi, mwingine samaki waliochachushwa, watoto wakaleta kuni nyingi kuliko zilizohitajika. Watu wazima kumi walisimama juu ya moto ule kila mmoja akitoa maoni, na Phaw Gay akawafukuza wote. Mwalimu, ambaye hata chai huunguza, alijitia kukoroga, naye akafukuzwa. Afisa alikunja mikono ya shati akawa anapepea moto kwa faili lake la serikali.

Chakula kikaiva. Chungu kikawekwa kati ya mikeka miwili, vijiko viwili. Watu sitini walizunguka kutazama wazee wawili wakila, mnaweza kufikiri ni harusi ya mfalme. Phaw Gay akapakua sahani ya mzee bila kumtazama, akaisukuma kwa vidole viwili. Mzee akaivuta. Akala kijiko kimoja, akatafuna taratibu, akala cha pili. Nilikuwa nimesimama kati yao kama kawaida yangu, nasubiri kutumwa. Akamaliza sahani yote, akaifuta kwa kidole, akainua uso.

"Phaw Gay," akasema, "niongeze."

Alimwambia yeye. Si mimi, si mtawa, si mtoto wa kupita. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni naye wala hajishughulishi kuyafuta. Phaw Gay alibaki ameshika upawa hewani. Nami nilisimama pale, mkalimani wao wa wiki zote hizo, sina kazi.

"Amesema nini?" akauliza Anuwat.

"Anataka kuongezwa wali," nikasema.

Akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, naye akaandika: nyumba moja, watu wawili, wanabaki. Akatia sahihi na tarehe. Phaw Gay akachota upawa umejaa, akamwongeza mzee, akachota tena, akamwongeza tena, na akamwambia yeye mwenyewe ale kabla hakijapoa.