Wimbo wa Mwisho, Upande wa Pili

Watu wa hapa kijijini Mitwero wakipita mlangoni kwetu huulizia santuri ya Ridhiwani kama vile wanaulizia mgonjwa. "Vipi, haijambo?" Nawajibu haijambo. Niwajibu nini? Ipo ukutani, imefanya mawimbi kama bati, na wao wenyewe walikuwepo. Basi nasimulia mara hii moja, anayetaka kusikia asikie, kisha waniache nipumue.

Ridhiwani alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Sote wawili tulifanya kazi kiwanda cha korosho, mimi nikichambua madaraja, yeye akibangua. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, na akikupa mkono ulihisi umeshika gome la mti. Lakini kilikuwa kiwanda chetu, au ndivyo tulivyokuwa tukiimbishwa. Siku moja wakaja mabwana wa mikoba, wakasema mambo yamebadilika, sasa ni soko huria, kiwanda anapewa mwekezaji, tusiwe na wasiwasi. Mwekezaji akaja kweli. Aling'oa mashine, akageuza jengo kuwa ghala, korosho zikawa zinapakiwa melini na maganda yake kwenda kubanguliwa India. Sisi tukaambiwa tumepunguzwa. Mtu mzima unapunguzwa kama kucha!

Ndipo Ridhiwani akaanza kufoka. Muziki wa kufokafoka ulikuwa umeshaingia Dar es Salaam, vijana wakiwaiga Wamarekani mpaka kofia, lakini yeye hakuwa na mtu wa kumuiga. Alikaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa, akapiga dumu kwa vile vidole vyake:

Tumebangua sisi, wametafuna wao,
ganda tumeachiwa, nalo wadai ni lao.
Ukisikia soko huria, uliza nani yuko huru:
mkulima wa Likawage, au anayekula ushuru?

Mimi nilipenda. Nilipenda kupita kiasi, maana alikuwa akiyasema yale yaliyonikwama kooni. Mama hakupenda. Mama yetu, Mwahija binti Kibwana, ni mtu wa zamani. Kwake serikali ni kama mkwe, humsemi hata akikukosea. Kule kufoka yeye alikuita kubweka.

Siku Ridhiwani anaondoka kwenda Dar kurekodi, alipiga magoti mbele ya mama akaomba radhi ya safari. Kwetu mtoto haondoki hivi hivi. Mama humshika kichwa akamwombea dua, ndipo mguu unatoka. Mama alikunja mikono ndani ya kanga.

"Nenda," alisema. "Lakini radhi yangu haiendi kutukana wakubwa."

"Mama, simtukani mtu. Nasema yaliyotupata."

"Basi kaseme. Mkono wangu huupati."

Ridhiwani akanyanyuka, magoti yamejaa vumbi. Nilitaka nimsukume mama, Mungu anisamehe, amshike yule mtoto kichwa walau kidogo tu. Ridhiwani hakubisha.

"Sawa, mama. Wimbo wa mwisho utakuwa wako. Zikitoka nyimbo zangu, sikiliza mpaka mwisho, jibu lako nitaliweka humo."

Hatukumwona tena.

Nyimbo zilirekodiwa, lakini kanda haikutoka. Mwenye duka la kurudufu kanda alisikiliza mbili akamrudishia, akasema yeye ana watoto wanaosoma. Redioni walimwambia arudi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo haikufika mpaka leo. Aliyemsaidia ni Mjerumani mmoja wa mradi wa visima aliyekuwa akimfahamu tangu huku kwetu. Huyo aliibeba rekodi mpaka kwao, ambako vijana wa muziki huo bado wanathamini santuri, akatoa santuri chache za kuuzwa hukohuko. Moja akamtumia Ridhiwani. Hebu fikiria: mtu wa Lindi anafoka habari za korosho za Lindi, na wa kumsikiliza ni watu wa Ujerumani wasiojua hata neno moja! Ridhiwani mwenyewe sidhani kama aliwahi kuisikia. Chumba alichopanga kule Temeke hakikuwa na umeme, sembuse gramafoni.

Masika ya mwaka huo malaria ikampanda kichwani. Habari tulizipata kwa simu ya posta. Barabara ya kusini ilikuwa imekatika, malori yamezama kwenye tope upande wa pili wa Rufiji, na maiti haingoji barabara. Wakamzika hukohuko. Mama hakumwona uso, hakushika hata pindo la sanda. Tukakaa matanga hapa Mitwero bila maiti, tukiwalilia watu waliotuletea pole, maana hatukuwa na pengine pa kuelekeza macho.

Maji yalipokauka, utingo wa lori akatuletea mfuko kutoka kwa mwenye nyumba aliyempangisha Ridhiwani. Mlikuwa na suruali, kofia na ile santuri. Kwenye jalada hakukuwa na sura yake, kulikuwa na picha ya vidole vyake tu, vyeusi vile vile. Mama alisoma kisomo cha watu wazima, anasoma polepole kwa kufuatisha kidole. Alifuatisha majina ya nyimbo upande wa kwanza, akageuza, akafuatisha ya upande wa pili mpaka la mwisho. Kidole kikaganda.

"Mwahija," alisoma. Kisha akaniangalia. "Batuli, nimeandikwa mimi."

Tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana. Alitaka jambo moja tu hapa duniani, kujua mwanawe alimwambia nini. Alikufa amemsamehe, au alikufa na kinyongo? Lakini nyumba ya msiba haipigwi muziki. Akasema atangoja arobaini. Hitima ikishasomwa na watu wakishakula, hapo hakuna wa kumlaumu.

Mimi nikaenda mjini kwa mzee Valentini, Mmakonde aliyekuwa na baa zamani, ambaye ana gramafoni ya betri. Alinifungulia kopo la ugoro, ndani yake sindano ya gramafoni imeviringishwa kwenye pamba.

"Ni hii moja tu, binti yangu. Ikivunjika, hata Dar sijui kama utaipata. Nitakuja nayo mwenyewe, siwezi kumpa mtu."

Sasa nifike kwa Likwata.

Likwata ni mtani wetu. Ukoo wake na wetu wanataniana tangu mababu, na kwetu msiba usio na watani ni msiba wa mtu asiye na kwao. Kazi yao ni kutucheka mpaka tuache kulia. Humuigiza marehemu, hulala kaburini wakadai wametangulia, hunyakua kitu alichokipenda mpaka wafiwa wakikomboe. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani umeuharibu msiba wako mwenyewe.

Asubuhi ya arobaini aliingia uani amevaa suruali ya Ridhiwani, imemfika kwapani, na kofia ameigeuza kisogoni. Akakaa juu ya kile kinu akapiga dumu. "Oyaa! Ndimi Ridhiwani! Nimekufa sijaoa, nimewaachia dada mnoko!" Watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu ile simu, mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nilimpenda Likwata kwa kicheko kile. Nalisema hili ili ijulikane kwamba sikumchukia tangu mwanzo.

Kisha akaingia ndani, akatoka na santuri ameinyanyua juu.

"Hiki ndicho kipenzi chake? Nimekiteka! Fidia ni jogoo, tena awe anawika, na nikabidhiwe mbele za watu!"

"Likwata, hiyo iache," nilisema. "Chukua kingine chochote."

"Aa! Dada mnoko kanuna! Basi hiki ndicho chenyewe!"

"Mwache, Batuli," mama alisema, bado ana tabasamu. "Ndiyo kazi yake. Angeacha kuichukua ningejua hamhesabu mwanangu kuwa mtu. Tutamkomboa watu wakishakula."

Likwata akaniinamia sikioni. "Usihofu, dada yangu. Naiweka mahali hata mtoto hafiki."

Hitima ikasomwa. Pilau ikapakuliwa. Jua la siku hiyo lilikuwa la kuchoma nyayo, watoto wakirukaruka uani kama wamekanyaga makaa. Mzee Valentini akaja na gramafoni yake kwapani, tukampa shikamoo, akaingia kuitega juu ya meza ndani. Mama akatoka na jogoo, akamkabidhi Likwata mbele za watu, vigelegele vikapigwa. Likwata akamkagua jogoo mdomo na kucha kama mganga, watu hoi kwa kucheka. Kisha akaegemeza ngazi kwenye banda la jiko, akapanda.

Nilipoiona ile ngazi inaelekea juu ya bati, nilisogea mpaka chini yake.

Alikaa kule juu kitambo. Akashuka taratibu, mgongo ametupa sisi. Santuri ilikuwa ndani ya jalada lake, na jalada lilikuwa limepindapinda. Kumbe alikuwa ameiweka bapa juu ya bati la jiko, akaikandamiza kwa jiwe isipeperushwe na upepo. Jua la juu na joto la bati vikailainisha, jiwe likaikandamiza ndani ya mikunjo. Nikaitoa. Ilikuwa imefuata bati lile, tuta na mfereji, tuta na mfereji, upande hata upande.

"Zile santuri za marehemu mjomba wangu zilikuwa ngumu kama kigae," Likwata alisema. "Zikidondoka zinavunjika. Niliogopa watoto wasije wakaivunja."

Nikanyanyua mkono nimzabe kofi. Wallahi ningemzaba, na lingekuwa la yule mwekezaji, la mwenye duka la kanda, la redio na la barabara. Mama akaudaka mkono wangu.

"Mtani hakasirikiwi," alisema. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

Tukaingia ndani. Mzee Valentini aliitazama santuri, akatikisa kichwa, lakini alipomwona mama amekwisha kukaa mkekani, kichwa ameinamisha karibu na spika, akaifuta vumbi kwa pindo la shati. Aliiweka upande wa pili juu. Akaishusha sindano pale wimbo wa mwisho unapoanzia.

Ngoma ikagonga mara chache. Halafu sauti ya Ridhiwani, ile ile ya uani, ikasema, "Mama." Papo hapo sindano ikaruka tuta, ikateleza kwa mkwaruzo mpaka katikati.

"Abee, mwanangu," mama aliitika.

Mzee Valentini akarudisha. Ngoma. "Mama." Mkwaruzo.

"Abee."

Alijaribu kuweka sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili uzidi uzito. Alijaribu kuizungusha polepole kwa kidole, ikatoka sauti ya jitu lisiloeleweka. Kila tulipoiacha ijiendeshe, yule mtoto aliita na mama akaitika, na baada ya kuitikiwa hakuwa na la kusema. Watu wa mlangoni walianza kuondoka mmoja mmoja. Mwishowe sindano iligonga tuta ikakatika, na mzee Valentini akaokota vipande vyake akavirudisha kwenye kopo la ugoro, kama bado vina kazi.

Wimbo huo upo, najua upo. Labda usiku huu kijana mmoja wa Ujerumani anausikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa, na haelewi. Nilimwandikia yule Mjerumani; barua ilirudi, mradi wa visima ulikwisha na visima vyenyewe vimekauka.

Lakini siku ile mama alikuwa bado ana tumaini moja. Alimgeukia Likwata, aliyekuwa amejibanza mlangoni, jogoo kwapani, suruali ya marehemu bado mwilini.

"Mtani wangu," alimwambia, "wewe unamjua. Wewe unaweza kumuiga. Hebu nifokee wewe. Aliniomba radhi, au alinilaumu?"

Sote tukamtazama Likwata. Mtani hakosi neno; hata kaburini hupata la kusema. Alivuta kofia mbele, akafungua mdomo, akapiga vidole kwenye fremu ya mlango mara mbili kutafuta mapigo. Kisha akamwachia jogoo, akakaa chini kizingitini, akalia. Alilia kwa sauti kama mfiwa.

Sijawahi kuona mtani akilia msibani. Waliosalia uani waliacha walichokuwa wakifanya, hakuna aliyejua la kufanya, maana yeye ndiye anayetuinua sisi, na hapakuwa na mtu aliyewekwa wa kumwinua yeye. Mama alibaki akisubiri jibu, sikio amelirudisha kwenye spika.