Kitabu Nisichoruhusiwa Kukiona

"Geuka," Ramzy aliniambia, nami nikageuza kiti nikautazama ukuta wa sebule ya mama yake. Ukuta ule naujua kuliko uso wangu. Zimetundikwa pale tabaga, vile vifuniko vya chakula ambavyo Wanubi wa Kibera husuka kwa rangi kali, na ile nyekundu iliyo karibu na mlango imefumuka ukingoni. Nyuma yangu nilimsikia akifungua laptopu na kukohoa.

"Na usitupe jicho, Waceke."

"Nani anataka kuona kitabu yako? Soma bana."

Akimaliza kipande husema, "Haya, rudi," nami hurudi, tukaanza kazi. Aliyechungulia mlangoni angedhani tumekosana.

Sisi wawili tulikuwa miongoni mwa watu wa nchi nyingi wanaojitolea kuunda programu ya bure ya kuchorea bodi za saketi, zile sahani za kijani zilizomo ndani ya redio na simu. Ukishaichora bodi, unautuma mchoro kiwandani ikatengenezwe. Viwanda vikubwa vilikuwa vimeanza kudai kiwango kipya: faili moja inayobeba kila kitu, shaba, matundu na vipuri. Programu za kulipia ziliweza. Yetu haikuweza, na vijana wa Kibera na Kawangware walirudishiwa michoro yao bila hata kuambiwa pole.

Kiwango chenyewe kimeandikwa katika kitabu kinachouzwa kwa bei ya kukutoa jasho, na ukikinunua umefungwa: hukopeshi, hunakili, huonyeshi mtu. Wenzetu walichanga, nakala moja ikanunuliwa kwa jina la Ramzy, ikawekwa kwenye laptopu yake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na subira kama yake. Yeye angesoma, kisha anieleze kwa maneno yake mwenyewe. Mimi ningeandika programu bila kukiona kitabu kamwe, ili wenye kitabu wasije wakasema tumewaibia.

Na alijua kueleza, jamani. Tabaka za bodi alizifanya gurusa za mama yake, zile chapati laini zinazopangwa moja juu ya nyingine.

"Kila layer lazima iwe na jina yake," alisema. "Ukisema tu 'ya chini', mtu wa factory ataipindua, alafu ya chini ndiyo itakuwa ya juu. Hapo umeisha."

Nilicheka, nikaandika, ikafanya kazi.

Figo zake zilipoanza kumwangusha, nilidhani tungesimama. Hakukubali. Alisoma hospitalini akiwa ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kisha akanipigia simu chumbani kwangu Kabiro, sauti ikizidi kuwa nyembamba. Nilimsihi apumzike.

"Nikipumzika nitaanza kufikiria," akasema. "Andika."

Ilibaki sura moja tu, ya matundu yanayoanza juu ya bodi na kuishia katikati, bila kutokea upande wa pili. "Hiyo ni ngumu," aliniambia. "Wacha nilale kidogo, kesho nitakushow."

Kesho yake tulimzika kabla ya jua kutua, kama dini yake inavyotaka. Wanaume walimbeba kwenda makaburini, nasi wanawake tukabaki ndani. Mimi niliketi kwenye kiti kilekile nikizitazama tabaga, nikingoja mtu aniambie rudi.

Baada ya arobaini mama yake aliniita. Aliiweka laptopu mapajani mwangu.

"Chukua, mwanangu. Alisema hii kazi ni yenu wawili. Na password alinipa."

Nilitamani, sitadanganya. Sura ile ningeimaliza upesi, na nani angejua? Lakini si hiyo tu. Nilijua pembeni mwa kurasa aliandika vijimaneno vyake, maana nilizoea kumsikia akibonyeza na kucheka peke yake. Ningefungua tu, nimpate tena. Ila jicho langu likishaona, kila mstari nilioandika ungetiliwa shaka, na miaka yake ya kusoma ingetupwa pamoja nao. Nikamrudishia.

"Siwezi, Mama. Nikiangalia nitamharibia."

Alinitazama kana kwamba nimekataa chakula chake. Nililia kutoka hapo, nikapita mtaa wa Ayany bila haya, nikafika nyumbani macho yamevimba.

Sura ile alikuja kuimaliza Nabalayo, dada mmoja aliyejiunga nasi akanunuliwa nakala yake mwenyewe. Anaeleza vizuri sana, kwa mpangilio, wala hataji gurusa. Nilimchukia, maskini, kwa kosa la kuwa hai.

Toleo jipya la programu likatoka. Kiwanda kikaipokea faili yetu ya kwanza bila swali lolote, na bodi ilipofika niliifunga kwenye kitambaa nikampelekea Mama Ramzy. Aliigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya matundu yake madogo, akaiweka kabatini kando ya picha ya mwanawe. Kisha akaichukua laptopu.

"Sasa si mmemaliza? Njoo uangalie."

"Bado, Mama. Hii kazi haiishi. Kuna mengine ya kuandika, na siruhusiwi."

Alivuta kiti akaketi.

"Basi geuka," akasema.

Nikageuza kiti. Tabaga nyekundu ya karibu na mlango alikuwa ameishona ukingo. Nyuma yangu nilisikia laptopu ikifunguka, kisha kidole kikibonyeza polepole, kikisimama, kikibonyeza tena. Mama Ramzy hajui lolote la bodi, na Kiingereza cha kitabu kile hata mimi kingenishinda.

"Unasoma nini, Mama?"

"Sisomi. Hapa chini wameandika jina yake. Kila page."

Nilikuwa nimesahau. Wenye kitabu hupiga jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa, ili nakala ikivuja wajue ni nani wa kumkamata.

"Ramzy Fadlalla," alisema mama yake, akabonyeza. "Ramzy Fadlalla."

Sikumwambia anyamaze, wala sikugeuka. Niliegemea kiti nikisikiliza, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kwamba kitabu kile ni kinene.