Samaki Waliosogea

Asubuhi ya nne ya jaribio, msafisha matangi alifunua tangi la tano akakuta samaki wote kumi wamekufa. Macho yamekuwa meupe, magamba yamebanduka, na mmoja amebaki mifupa mitupu. Walikuwa wanaogelea.

Alifuta mikono kwenye aproni, akaenda kumwita mtafiti, aliyekuwa anapuliza chai.

Tangi la tano lilitiwa maji machafu ya bomba ambalo kiwanda humwagia mtoni, bila kuzimuliwa. Mama wa msafishaji aliishi kando ya mto, chini kidogo ya bomba hilo, na maji hayo hayo ndiyo aliyokunywa na kupikia. Mtafiti alishamwambia: wakifa watano, bomba litafungwa. Kwa hiyo siku nne alidamka kumshinda hata mlinzi, akiomba wafe, dua iliyomtia haya, maana ndiye aliyewalea tangu wakiwa kama punje za mchele.

Mtafiti akachukua kijiti cha kioo. Utaratibu wa maabara ulikuwa mmoja: samaki huguswa mkiani, asiposogea, amekufa. Akamgusa yule wa mifupa. Akasogea. Akawagusa wote, wakasogea, mmoja akiacha mnofu kijitini.

"Hai," akasema, akaandika.

"Bosi, huyu hana tumbo."

"Dada yangu, fomu haiulizi tumbo. Inauliza kusogea."

"Wananuka."

"Hata mimi nanuka. Maji yamekatika tangu juzi."

Hakuwa mtu mbaya. Kwa kumridhisha aliwagusa tena, mmoja mmoja. Waliokufa: sifuri. Mchana ule barua ya kuruhusu bomba ikaenda kiwandani na mhuri wake.

Jumamosi msafishaji alikwenda kwa mama yake, akamkuta uani anachambua maharage. Alikuwa amekufa, pengine tangu Jumatano, kwa kuwa ngozi ya vidole ilishaanza kuachia na kubaki ungoni.

"Umekonda, mwanangu," mama akasema. "Huko hawakulishi?"

"Wananilisha, mama."

Jirani akachungulia juu ya ua, akaeleza kwamba mhudumu wa afya alipita jana. Alimgusa mama begani, mama akageuka, naye akaandika hajambo, akaenda nyumba ya pili.

Maharage yalipokwisha kuchambuliwa, mama akamsogezea ndoo. Mahali pengine pa kuchota maji hapakuwapo. Binti akaichukua, akateremka mtoni. Samaki walikuwa wengi, weupe, wanakwenda zao. Akawapisha, akazamisha ndoo.