Kiti Kikuu cha Seilo

Ukiliona kanisa la Seilo kutoka barabarani, utadhani limejengwa na matajiri: nguzo nne, dirisha la duara, mawe ya kuchongwa. Hebu zunguka nyuma sasa! Mawe ya mtoni matupu, yamepangwa hivi hivi, na waliyabeba wanawake kwenye aproni zao. Wazee walioanzisha kanisa hili baada ya kumkataa askofu wa mfalme walitaka tu kuwakoga wenzao wa kanisa la Hebron, ng'ambo ya kijito, waliogombana nao kwa ajili ya kinanda. Ukuta huo wa nyuma umetoa tumbo, na paa linaufuata.

Tegwen Puw hakulionea kanisa lile huruma hata chembe. Waumini waliobaki walikuwa wanapiga kura, litengenezwe au liuzwe. Kura zimelingana, imebaki yake.

"Haya Tegwen, usituweke," alisema Mzee Eurfyl. Alikuwa kwenye Kiti Kikuu, kile kizimba cha mbao chini ya mimbari ambamo mashemasi hukaa wakiwakodolea watu macho. "Babu zako wamelala hapo nje."

"Mama yangu je? Amelala hapo nje?"

Wote walijua. Mared Puw, akiwa na mimba ya Tegwen na hana mume, alisimamishwa mbele ya kizimba kile Jumapili moja, na babake Eurfyl, shemasi wakati ule, akamfukuza kanisani watu wote wakisikia. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Seilo aliyempa salamu mpaka anakufa, na hata kaburi hapo walimnyima.

"Sasa wewe unataka nini?"

"Toka humo. Simama alipowekwa mama, umtaje jina, useme Seilo ilimkosea. Ukisema, kura yangu mnayo."

"Thubutu! Mzee mzima mimi, unisimamishe kama mtoto wa shule?"

"Basi kaa. Paa litakushukia lenyewe."

Eurfyl akasonya, akatoka akijikongoja, akasimama pale. Jambo hili Tegwen amelingoja maisha yake yote, na wakati ule, wallahi, alikuwa ameshaamua kuliokoa kanisa.

"Mared Puw," alisema Eurfyl kwa sauti yake ya sala. "Binti, ulianguka. Leo sisi wa Seilo tumekusamehe."

"Amina!" waliitikia wote, wengine wakifuta machozi.

Tegwen akawatazama mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeona kosa.

"Liuzwe," akasema.