Kiganja juu ya Injini

Hakuwa na cheti. Hakuwa na gereji, ila turubai na kipande cha sakafu ya saruji. Hakuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na tangu alipougua homa kali miaka tisa iliyopita, hakuwa na masikio ya kusikia. Sasa alikosa kitu kimoja zaidi: barua ya mtu mzima mwenye elimu, ya kuthibitisha kwamba kazi anaijua, ili chuo kimruhusu kufanya mtihani wa ufundi. Siku ya mwisho ilikuwa leo, na posta hufungwa saa kumi.

Barua hiyo Mama Spana, fundi wa pikipiki wa mtaani kwetu, aliniomba mimi. Nilisoma shule ya usiku miaka sita, na sijawahi kutia sahihi chini ya jambo nisilolishuhudia.

"Unamtahini Mama Spana?" mke wangu alicheka nilipokuwa natoka. "Haya, angalia usije ukatahiniwa wewe!"

Nilifika nikasimamisha pikipiki mbele yake, nikasema polepole asome midomo yangu. "Mwanangu, oili nimebadilisha mwenyewe asubuhi. Kitabu kilisema lita moja. Kijiti cha kupimia kikaonyesha pungufu, nikaongeza. Niambie kama iko sawa."

Kijiti hakukigusa. Aliwasha injini, akaweka kiganja juu ya kifuniko chake, akafumba macho.

"Mzee wangu," akasema kwa ile sauti yake kubwa, "umeilisha mpaka imevimbiwa. Inapumua kwa shida."

"Kitabu..."

"Kitabu hakina kosa. Ulipopima ilisimamaje?"

Nikamwonyesha stendi ya pembeni.

"Ilikuwa imelala upande! Hata wewe ukiegemea hivyo, tumbo lako litaonekana dogo."

Nilitaka kubisha, maana kubisha ni mazoea yangu. Lakini alikuwa ameshaisimamisha wima kwenye saruji. Aliiacha iungurume dakika tatu, akaizima, akangoja tatu nyingine oili ishuke. Akafuta kijiti kwa kitambaa, akakichomeka bila kukikaza, akakichomoa, akanisogezea. Oili ilikuwa imeupita mstari wa juu kwa upana wa kidole.

"Ungeenda nayo hivi wiki moja, ingeanza kutema oili na moshi."

Akaweka kopo chini, akalegeza boliti ya kumwagia oili kwa nusu mzunguko tu. Uzi mwembamba wa oili ukashuka. Hakuwa na kipimo chochote. Aliutazama kama mama anayetazama uji usifurike, kisha ghafla akakaza.

Akawasha tena, akazima, tukangoja. Safari hii kijiti nilikichomoa mwenyewe. Oili ilikuwa imefika kwenye mstari wa juu barabara, haijazidi, haijapungua. Nikafuta, nikapima tena. Palepale.

Nilikitazama kile kiganja chenye vidole vinne. Vitabu vyangu vyote vinajaa rafu mbili, na hakuna hata kimoja kilichowahi kunifundisha kusikia kwa ngozi.

"Utaandika?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Niliandika palepale, juu ya kiti cha pikipiki. Nilieleza kila hatua, na kwa kuwa ushahidi wenyewe ulikuwa kosa langu, nililiandika nalo, na jina langu kamili chini yake. Nikailamba gundi ya bahasha, nikaikandamiza kwa kidole gumba. Kiliacha alama ya oili. Sikuifuta.

Saa tisa na dakika hamsini, karani wa posta aliipiga muhuri, akaitupia kwenye gunia.