Mstari wa Desemba

Nguzo yao watu wa chuo kikuu waliijenga nyuma ya nyumba yangu, hapa Shishiyu, kwa sababu kuna mwamba, na kwa sababu mjane haendi popote. Juu ina kofia nyeupe inayosikiliza setilaiti na kujua ardhi imesogea kiasi gani. Klementina, mmoja wao, ndiye anayeuchora mwendo huo kwenye kompyuta. Alinieleza kwamba dunia imekatika vipande, kwamba sisi tuko kipande kimoja na Dar es Salaam iko kingine, ng'ambo ya Bonde la Ufa, na kwamba kila mwaka vinaachana kwa upana wa punje ya mtama.

Sikushangaa. Mwanangu Athanasi yuko Dar, na sisi tunaachana upesi kuliko hivyo.

Mwaka jana Klementina alikuja uso umemkunjamana. Mstari wa Shishiyu ulikuwa unamnyima usingizi. Kila Desemba ardhi yetu inapanda ghafla, na mvua za Machi zikikolea inashuka. Vituo vingine havifanyi hivyo. Wenzake walidhani ni maji yaliyo chini ya ardhi, wakamtaka abadilishe hesabu zake zote.

Akaizunguka nguzo, akaikwangua kofia kwa ukucha.

"Mayu Nyanjige," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma chetu, "hiki ni nini?"

"Mavi ya ng'ombe na udongo."

Nikamweleza kwamba mgeni akitarajiwa, nyumba husiribwa. Athanasi huahidi kuja Krismasi. Basi nasiriba kuta, nasiriba jiko, na nguzo nayo, kofia na yote, maana haifai ikae uchi uani kwangu mtoto akirudi. Haji. Mvua inaosha.

Klementina akasema kwa upole kwamba tope linaidanganya mashine, akaiosha kofia kwa maji ya ndoo, akaniomba nisiiguse tena. Nilikubali, ingawa iliniuma. Kumbe miaka yote hiyo kulikuwa na kitu kimoja kilichojua kwamba ninasubiri.

Desemba nilisiriba nyumba, nguzo nikaipita. Athanasi alituma ujumbe kwamba kazi zimembana. Krismasi nilikula wali peke yangu, nikalia kidogo, nikaosha sahani.

Januari Klementina akapiga simu, sauti imejaa furaha. Mstari umenyooka, na hesabu zake sasa zinakubali.

"Safari hii Desemba hakuna kilichotokea huko kwako, mayu."

"Kweli," nikamjibu. "Hakuna kilichotokea."