Ngoro Juu ya Tuta la Bwawa

Shemeji yangu Dunstan, mwenyekiti wa bwawa letu hapa Ukata, ni mtu wa maono. Ziwa Nyasa lote liko pale Mbamba Bay, lakini yeye aliona watu wataliacha wapande mlima, waje kuzunguka kwenye tope letu ndani ya boti ya kukanyaga yenye kichwa cha bata. Walikuja watatu. Mmoja alitapika.

Mimi bata wake hakunihusu. Kilichonihusu ni kitalu changu cha kahawa, miche elfu mbili, bondeni chini ya tuta. Mibuni aliyoniachia marehemu mume wangu ilikufa yote kwa ugonjwa. Hiyo miche ndiyo ilikuwa ya kuanzia upya.

Fundi aliyejenga tuta alituonya: pandeni nyasi tu, jembe lisiguse hapa. Dunstan akacheka. Mmatengo afundishwe mteremko? Machi ilipofika akatangaza tuta zima lichimbwe ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, tupande maharage, wageni wasituone wavivu.

Nikamfuata. "Shemeji, kazi ya ngoro ni kushika maji yazame chini. Unataka yazame ndani ya tuta?"

"Shemeji Benadetha, uhandisi umesomea wapi?"

Haya. Wanaume wakafyeka nyasi, wakazipanga miraba, wakaenda zao kivulini. Kuchimba ni kwa wanawake, kama kawaida. Niliapa sishiki jembe. Kisha nikamwona jirani yangu Otilia anachimba vishimo vya kunawia mikono. Aka! Ngoro mbovu mimi siwezi kuitazama. Nikachimba sehemu ya katikati, juu kabisa ya kitalu changu. Dunstan akawaonyesha watu: "Hizo sasa ndizo ngoro!" Nikafurahi, mjinga mimi.

Mvua ikapiga siku tatu. Jumapili tunatoka misa, bwawa halipo. Bata wa mwenyekiti amekaa juu ya kitalu changu, shingo juu, na pembeni yake hakuna mche hata mmoja. Nilikaa kwenye tope nikalia kwa sauti.

Dunstan akaja, kofia mkononi. "Pole sana, shemeji. Ila kwa Otilia tuta limesimama. Limekatika pale kwako tu."

Nikainua macho. Kweli. Vile vishimo vya Otilia havikushika hata tone. Zangu zilishika maji yote, kama mama alivyonifundisha.